Fomu ya Visanduku Vitano

Mdogo wangu mpenzi,

"Bastola hii haijifyatui. Miaka kumi na moja, kampuni nzima, hakuna hata tukio moja lililotokana na kasoro ya silaha. Kinachofyatua ni kidole cha mtu." Hayo ni maneno yako mbele ya kamati ya uchunguzi ya kampuni yetu ya ulinzi. Nimeyanakili neno kwa neno kutoka kwenye kumbukumbu za kikao, na nimeshika kalamu kukuambia kwamba si kweli.

Lakini hatukulelewa kuingia nyumba ya mtu bila hodi, kwa hiyo salamu kwanza. Hujambo? Wifi yangu hajambo, mgongo umempoa? Watoto wamemaliza mitihani salama? Huku kwetu tu wazima, isipokuwa shinikizo langu la damu, ambalo daktari anasema linatokana na chumvi na mimi nasema linatokana na kazi. Mama anakula, anasali na kugombana na redio. Ameniagiza nikwambie kwamba simu yako si pambo la mfukoni. Ningekupigia mimi mwenyewe, ila mara ya mwisho ulinikatia katikati ya sentensi, baada ya kuniambia kwamba tangu nianze kuandikia magazeti barua za wasomaji nimejifanya hakimu wa dunia nzima. Basi nimeandika. Barua unaweza kuichana, lakini huwezi kuikatia.

Juzi nilikwenda mahabusu kumwona Mama Pacha. Unamkumbuka, ingawa kwenye kamati ulimwita "mtuhumiwa". Ni yule mlinzi wa benki uliyemfundisha shabaha mwenyewe, ukamsifu mbele ya darasa zima kwamba ana mkono mtulivu kuliko wanaume wote waliokuwepo. Amekonda. Pacha wake wako kwa bibi yao, na mmoja ameanza tena kukojoa kitandani. Alinisimulia upya ile asubuhi, nami nakusimulia wewe kwa sababu kamati ilimpa dakika saba tu.

Alikuwa kwenye mlango mkubwa wa benki. Mama mmoja mzee alikuwa anatoka, fimbo yake ikamponyoka. Mama Pacha akauzuia mlango kwa mkono wa kushoto usimbamize bibi wa watu, akainama kuiokota fimbo kwa mkono wa kulia. Bastola ilikuwa kiunoni, ndani ya ala, kamba ya ala imebanwa. Ikalia. Risasi ikagonga kigae, ikaruka, ikamwingia tumboni dereva wa gari la fedha, yule bonge aliyezoea kusema kwamba tumbo lake huwahi kazini kabla yake. Alikufa siku ya pili hospitalini. Mkono mmoja mlangoni, mkono mmoja kwenye fimbo. Niambie wewe mkufunzi mkuu, mkono wa tatu aliutoa wapi?

Yule bibi aliieleza kamati kwamba mkono wa mlinzi ulikuwa kwenye fimbo yake, na fimbo yake anaijua. Wakamjibu kwamba macho yake yana mtoto wa jicho. Kamera ilikuwepo, lakini nguzo iliziba kiuno, yanaonekana mabega tu. Kwa hiyo mkabaki na neno lako wewe, mtaalamu, uliyeitoa bastola kwenye boksi, ukaibwaga mezani mara tatu mbele ya wazee wa kamati, haikulia, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mdogo wangu, ulichukua bastola mpya. Hiyo ni sawa na kumpima mtoto wa shule ili kuthibitisha kwamba babu yake haumwi moyo. Ya Mama Pacha ina miaka tisa, imevaliwa na walinzi wanne, imekaliwa kwenye viti vya magari na kugongwa kwenye milango. Hiyo hamkuibwaga. Hiyo imefungwa kwenye mfuko wa polisi, na hakuna aliyeomba ifunguliwe.

Fundi wetu wa silaha, huyu mnayemwita Springi kwa vile hatulii kitini, alinifungulia moja ya umri huo kwenye meza yake. Ndani kuna kipande cha chuma kisichozidi ukucha wa mtoto. Kazi yake ni kuizuia pini isiigonge risasi mpaka kifyatulio kivutwe. Akanipa lenzi nikaona ukingo wake ulivyosagika, umekuwa duara kama sabuni iliyotumika. Akanieleza kwamba hapo mtikisiko unatosha, kidole hakihitajiki. Akatoa risasi zote, akaivuta bastola ikae tayari kufyatuka, akaipiga kwa nyuma na nyundo ya mpira. Nikasikia pini inagonga. Kifyatulio hakuna aliyekigusa. Amejaribu arobaini kati ya zile za zamani, na sita zimefanya hivyo hivyo. Alipeleka taarifa ofisini, akaambiwa kwamba fundi kazi yake ni kutengeneza, si kutangaza, na kwamba amebakiza miezi minane astaafu, ajihurumie. Anajihurumia. Hata mimi ameniomba nisimtaje, nami nimekutajia wewe kwa sababu najua hutamchongea.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hawakuwahi kuvaa bastola.

Sasa utaniuliza swali ulilowauliza kamati: kama ni mbovu, mbona kumbukumbu ziko safi? Nakiri kwamba hilo ndilo swali zuri pekee ulilouliza. Kumbukumbu zote za matukio hukaa ghalani kwangu, kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti changu. Nimezitoa zote. Matukio saba ya bastola ya aina hii kulia bila mtu kukusudia. Mmoja alikuwa anashuka garini, akapoteza vidole viwili vya mguu. Mmoja alikuwa anafunga kamba za viatu. Mwingine alikuwa amesinzia kitini mikono kifuani, na ninyi wakufunzi mlimcheka mwaka mzima kwamba aliota anawinda. Watano kati ya saba walisema vilevile, kila mmoja kwa wakati wake na bila kujuana: sikuigusa. Na kwenye kila fomu, chini ya "Chanzo", kuna alama ya vema mbele ya maneno "Uzembe wa mlinzi".

Hapo ndipo kalamu inaponiwia nzito.

Unaikumbuka fomu ya zamani? Ilikuwa kurasa nne, na kwenye chanzo paliachwa nafasi tupu, mtu aeleze kwa maneno yake. Kompyuta zilipokuja, meneja alinitaka niifupishe iwe ukurasa mmoja, ijazwe haraka. Basi tu. Hakuniambia nifiche kitu, na leo natamani angeniambia, ningepata mtu wa kumtukana. Nikakaa nayo siku mbili. Nikaweka visanduku sita vya kutia alama: uzembe wa mlinzi, kuchezea silaha, ugomvi, kujidhuru, amri kutoeleweka, kasoro ya silaha. Nikaichapa. Mstari mmoja ukavukia ukurasa wa pili, peke yake, juu ya karatasi nyeupe tupu. Ulikuwa ule wa mwisho, kasoro ya silaha. Nikapunguza herufi, fomu ikawa mbaya. Nikajiambia kwamba ubovu wa silaha ni habari ya fundi, bila shaka ana fomu yake. Sikwenda kumuuliza, na ofisi yake ni mlango wa tatu kutoka wangu. Nikaufuta.

Hana fomu yake. Hakuwahi kuwa nayo.

Tangu siku hiyo, ndugu yangu, katika kampuni hii haikuwezekana bastola kuwa mbovu, maana hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba ni mbovu. Miaka kumi na moja unayojivunia niliitengeneza mimi ili karatasi ipendeze. Ile hati ya mfanyakazi bora, ambayo mama ameitundika juu ya kitanda chake na kuwaonyesha wageni, nilipewa kwa ajili ya fomu hiyo.

Na bado sijamaliza. Yule wa vidole viwili, fomu yake niliijaza kwa mkono wangu. Nilimfuata wodini, dawa za maumivu zimemlegeza ulimi, akanishika kiganja na kunieleza mara tatu kwamba hakuigusa. Nikamwambia achague mojawapo kati ya hivi vitano. Akaniuliza kama hakuna kingine. Nikamwambia, dada yako huyu msomi anayewafundisha watu haki magazetini, kwamba fomu ndiyo hiyo. Nikatia alama, nikamshikia ubao akasaini. Alifukuzwa kazi wiki ya pili. Sasa anauza soksi kwenye ngazi za kituo cha mabasi, na kila nikipita hunisalimia kwa heshima, huniita mama. Sijawahi kumwambia.

Wala usidhani haya nimeyajua jana. Nilianza kuyaona kwenye tukio la tatu. La tatu nikashangaa, la nne nikakasirika, la tano nikaandika gazetini barua kali kuhusu mashimo ya barabarani. Walinzi wa karibu yangu niliwaacha, nikagombana na halmashauri. Ndiyo maana leo nikisikia unasema kumbukumbu ni safi siwezi kukutukana kama ninavyotamani. Unasoma mwandiko wangu.

Kitu kimoja alichoniambia Mama Pacha kimeninyima amani kuliko vyote. Alisema kwamba ameulizwa mara nyingi sana juu ya kidole chake, hata sasa ameanza kukikumbuka. Akifumba macho anakiona kwenye kifyatulio. Anafikiri labda ni kweli alikigusa, labda watu wakubwa wote hao hawawezi kukosea. Wakili wake anasema akitamka hivyo mahakamani ni miaka saba. Umemfundisha mwanamke huyu kulenga, usimfundishe na kujisingizia.

Najua kinachokushika. Ni wewe uliyependekeza zinunuliwe hizo, na ukisema ni mbovu watakuuliza ulikuwa wapi. Waambie ulikuwa pale nilipokuwa mimi. Kesi itaanza Jumatatu saa tatu. Nitakuwepo kama shahidi wa utetezi, na fomu mbili mkononi, ya kurasa nne na ya ukurasa mmoja, na nitaeleza mstari wa sita ulikwenda wapi na nani aliufuta. Kazi nitafukuzwa, hilo nimeshalihesabu. Mama nimemwambia asubuhi ya leo. Aliniomba nimsogezee kiti apande, aitoe ile hati ukutani mwenyewe.

Msalimie wifi yangu, umpe pole ya mgongo, na watoto uwabusu wote kwa niaba ya shangazi yao. Majirani wanakuulizia. Mama anasema atakuombea, lakini hakusema atakuombea nini.

Barua hii usiifiche. Ukiruka habari za fundi tu, isome kwa sauti mbele ya wakufunzi wenzako watano, maana yaliyobaki nayasema kwenu ninyi sita. Leo, si Jumatatu, zivueni bastola zote za umri huo viunoni mwa walinzi, zifungieni ghalani, na ufunguo mpeni fundi. Kisha nendeni mahakamani, na mkiapishwa, mseme kwamba ile iliyomuua dereva hamkuwahi kuipima.

Dada yako,
karani wa ghala la silaha