Kilicho Chini ya Mafunjo

Sendai, 11 Februari 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, na koti ulilosema nivae navaa.

Uliniuliza nafanya nini huku miaka yote hii. Ngoja nijaribu. Natengeneza utando wa chuma mwembamba ajabu: pangilia tando laki moja, moja juu ya nyingine, ndipo upate unene wa karatasi. Ukipitisha umeme humo, sehemu yake hukengeuka pembeni, kwa sababu chuma hicho kina sumaku yake ndani. Utando ukiwa mnene kidogo, sumaku inalala. Ukiwa mwembamba kidogo, inasimama wima. Mimi natafuta pale katikati, ambapo bado haijaamua. Hapo hata kipande cha chuma kilicho mbali huiinamisha, umeme wa pembeni unabadilika, nami nausoma kwa namba.

Jana mwenzangu alipita nyuma ya ukuta amebeba nyundo. Namba zikaruka. Nililia, Mama. Nilimfikiria Baba. Ile baiskeli yake ilikuwa ya chuma tupu, sivyo? Alikuwa akivukia kinamasi wapi?

Mwanao,
Abbo

Merikit, 3 Machi 2024

Mwanangu Abbo,

Salamu zimefika. Mgongo umetulia, na mahindi nimeshapanda. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mungu ana mambo.

Lakini la babako liache. Ulikuwa na miezi sita mvua za mwaka wa tisini na saba zilipofunika kivuko cha kinamasi cha Kwapa. Aliondoka asubuhi kubeba abiria Busia, hakurudi. Baba yako mdogo Oketcho akasimama mbele ya watu, akasema: “Owori ana mwanamke ng'ambo. Amehama na baiskeli yake.” Neno hilo nimeishi nalo, nikalizoea. Ukimtafuta usipate kitu, nitaanza kuumia upya.

Mama yako,
Teopista

Merikit, 20 Oktoba 2024

Abbo,

Habari ya huko? Sisi tupo. Najua nimekaa kimya, na wewe hukunisukuma.

Hiyo nyundo ya nyuma ya ukuta haijanitoka kichwani. Niambie kweli: hicho kifaa chako kinasikia hata kupitia matope?

Kama kinasikia, njoo Januari, mafunjo ya kivukoni yakishakauka.

Mama yako

Sendai, 2 Februari 2025

Mama,

Nimefika salama. Umeamkaje? Siku zile nilipokuwa huko hukutaka kukanyaga kivukoni, na jioni nikirudi hukuuliza. Sasa nikueleze.

Siku nne nilitembea na kifaa mstari kwa mstari, nikapata misumari na jembe bovu. Jua likipanda, utando ulipata joto, ule usawa wake ukapotea, namba zikawa za kichaa. Siku ya tano nikaanza alfajiri, umande ukiwa bado. Karibu na mti ulioanguka, namba zikapanda polepole, zikashuka, zikapanda tena. Nilirudi nyuma hatua sita, nikapita tena. Vilevile. Nikachomeka kijiti. Kitu nilichokipika mwenyewe, ambacho jicho halikioni, kilikuwa kinainamia kitu kilichokaa gizani umri wangu wote.

Naogopa nisije nikawa nimekudanganya. Huenda ni mabati tu. Polisi wakishatoa kibali cha kuchimba, niandikie, hata kama si yeye.

Mwanao,
Abbo

Merikit, 23 Februari 2025

Mwanangu Abbo,

Tumemzika babako jana.

Walichimba Jumatano, pale pale ulipochomeka kijiti. Safari hii nilikwenda. Shimo lilipofika kifuani mwa mchimbaji, sepeto ikagonga usukani. Yeye alikuwa chini ya baiskeli. Nilimjua kwa jino lililovunjika. Nikakaa chini kwenye majani, nikakitazama kile kijiti chako, nikashindwa hata kulia kwa mshangao.

Kwenye karia ya nyuma, mipira ya kufungia mzigo ilikuwa imeoza, lakini mzigo ulikuwa umenasa hapo hapo: beseni la plastiki, la bluu, dogo. Asubuhi ile nilimwambia, “Ukifika Busia ulete beseni la kumwogeshea mtoto.” Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Ningeonekana najitetea.

Oketcho alilichukua akaenda kuliosha mwenyewe. Alilisugua muda mrefu sana. Akarudi, akapiga magoti mbele yangu, watu wote wakiangalia. “Shemeji,” akasema, “kaka alikuwa anarudi nyumbani.” Nikamwambia asimame, kaburi linasubiri.

Ule utando sitauelewa, hata ukinieleza tena. Lakini hao wenzako unaofanya nao kazi, waambie nilikuwa na mume.

Mama yako,
Teopista, mke wa Owori