Moyo wa Ottavio Haupandi

Jumapili, 7 Aprili

Ottavio amerudi kanuna. Polenta, ugali wetu wa mahindi, na soseji hakugusa. Loris, fundi baiskeli anayejifanya kocha wa klabu yao ya baiskeli, kawauzia wote mikanda ya kifuani ya kupima mapigo ya moyo, na saa za mkononi za kuyasoma. Sasa kila mzee ana kanda zake, yaani ngazi za mapigo, ya kwanza hadi ya tano. Ya pili unapiga soga, ya tatu unahema. Unatoa umri wako kwenye mia mbili na ishirini, unapata kikomo cha moyo wako, basi, hesabu imekwisha.

Wenzake walifika kanda ya tatu kwenye kilima cha kwanza. Mume wangu alikwama ya pili — ulimi nje, na saa inamwambia anajipumzisha! Rafiki yake Gildo kamtania kwamba huo si moyo, ni jiwe.

Hakuwaambia kuhusu vidonge. Tangu alipougua majira ya baridi anameza kimoja kila asubuhi, kuuzuia moyo usikimbie. Anaona haya kama bibi harusi.

Jumatano, 10 Aprili

Nimemwambia awaeleze tu. Hesabu ya Loris si ya mtu anayemeza dawa. Na nyinyi, nikasema, hamshindanii kombe, mnashindania kahawa.

"Nerina, nikisema wataanza kunisubiri kwenye kona."

Miaka yote yeye ndiye aliyewasubiri wenzake. Nilimhurumia, nikaliacha.

Jumapili, 21 Aprili

Kanda ya tatu! Kanionyesha saa kabla hajavua kofia. Kala sahani mbili za tambi. Nikambusu, nikamwambia mazoezi yamezaa matunda. Jioni Gildo kapita na chupa ya divai: "Shemeji, unamlisha nini huyu? Leo katuacha sote."

Siku nyingi sijamwona akicheka hivi.

Jumanne, 30 Aprili

Kanda ya nne. Usiku halali vizuri. Anasema ni joto. Mvua inanyesha wiki nzima.

Jumamosi, 11 Mei

Mfamasia kaniuliza kama tumebadilisha daktari. Ottavio hajachukua pakiti mpya ya dawa tangu kabla ya Pasaka. Dawa hizo haziachwi ghafla, kasema, moyo unaweza kuasi.

Kumbe. Na mimi nilimbusu.

Nimemkuta uani anapaka mnyororo mafuta. Hakukana. Eti akimeza, saa inamsingizia uvivu. Nimepiga kelele mpaka jirani kafunga dirisha. Halafu nimelia. Akanishika mikono. Kesho wanapanda mlima Grappa, safari yao kubwa ya mwaka. Mara hii tu, kasema, na Jumatatu anakwenda kwa daktari. Asubuhi atameza mbele ya macho yangu, ameapa.

"Gildo usimwambie. Nakuomba, mke wangu."

Simu nilikuwa nayo mkononi. Nilimtazama usoni, nikaiweka. Namchukia kwa kuniomba hivyo. Nampenda, ndiyo taabu yangu.

Jumapili, 12 Mei

Naandika ndani ya gari, kileleni. Ukungu mzito. Nimewaletea jaketi, na magazeti ya kujaza kifuani kuzuia upepo wakati wa kushuka, kama kila mwaka.

Asubuhi kakiweka kidonge mdomoni. Kama alikimeza, sijui. Nilikuwa napakia jaketi.

Loris amefika na wengine wawili. Ottavio na Gildo bado. Loris anasema Ottavio alikuwa mbele, kisha akapunguza mwendo, akawaambia watangulie. "Usihofu, mama. Nilichungulia saa yake, yuko kanda ya pili. Anajua kujitunza."

Kanda ya pili, kwenye mlima ule. Basi alikimeza. Au moyo umekataa kupanda.

Nimemwambia Loris yote. Alikaa chini barabarani, mtu mzima na kofia yake kichwani. Kisha akageuza baiskeli, akashuka. Kaniambia nisiondoke, nisije nikapishana na Ottavio kwenye ukungu.

Simu ya Ottavio inaita tu. Ya Gildo haipatikani.

Kuna king'ora cha gari la wagonjwa bondeni. Nilidhani kinapanda. Kinashuka — kinakwenda mbali.

Nimewasha gari. Siwezi kukaa.

Kuna mtu anatokea kwenye kona, anakuja kwa miguu. Ni Gildo. Hainui uso. Anasukuma baiskeli mbili, yake na ya Ottavio.