SUALA LA MTOTO LIDIANE TELES: KIKAO CHA CHAMA CHA SHULE YA MEZANI, PEDRA MANSA

Tarehe: Jumatano, 5 Juni 2024
Mahali: Chumba cha nyuma, duka la ushonaji la Bi. Cleonice Barreto
Kilianza: Saa 8:10 mchana

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Altamiro Fagundes – Mwenyekiti (anasomesha nyumbani wajukuu wawili)
2. Bi. Cleonice Barreto – Mweka Hazina (watoto wanne)
3. Bw. Wanderlei Quintão – Mjumbe, na mwalimu wa hesabu wa watoto wote wa chama (anasomesha wadogo zake, Talita na Caíque)
4. Bw. Ezequiel Prates – Mjumbe mpya (mtoto mmoja)
5. Bi. Jussara Quintão – Katibu (mke wa Na. 3)

ASIYEHUDHURIA, BILA TAARIFA
Bw. Osmar Teles – Makamu Mwenyekiti (mtoto mmoja, Lidiane, miaka 11)

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sauti ya chini. Alieleza kwamba gari jeupe la Baraza la Watoto, wale wanaofuatilia watoto wasioenda shule, limeonekana mtaa wa kanisani tangu Jumatatu, na akaomba wajumbe wasisimame karibu na dirisha. Bi. Cleonice alisema binti yake mkubwa ameachwa dukani akanyage cherehani ili anayepita asikie kazi na si mkutano. Watoto wengine walikuwa chumba cha kati. Kwa kuwa zilikuwa saa za masomo, walikatazwa kutoka nje.

KUMB. NA. 2/6: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Mwenyekiti alisema kumbukumbu za Mei ni nzuri, ila nusu ukurasa ulihusu harusi ya Katibu, pamoja na rangi ya macho ya bwana harusi wakati wa kula kiapo. Alitaka sehemu hiyo iondolewe. Bi. Cleonice alipinga kwa maelezo kwamba keki iliyosifiwa humo ilikuwa yake. Ilikubaliwa kwamba keki ibaki na macho yaondoke. Katibu alitii, ingawa macho hayo yalikuwa mbele yake, upande wa pili wa meza.

KUMB. NA. 3/6: KUONGEZEKA KWA FAMILIA ZINAZOSOMESHA NYUMBANI

Mwenyekiti alieleza kwamba kabla ya ule mwaka wa maradhi, mjini hapa ni yeye na Bw. Osmar tu waliosomesha watoto nyumbani. Sasa watu wanamsimamisha sokoni kumuuliza wanaanzaje. Aliomba wajumbe waseme kwa uwazi faida na hasara ili wageni wasidanganywe.

Bw. Ezequiel alisema mwanawe alikuwa akitapika kila asubuhi kabla ya shule kwa kuogopa wenzake. Tangu Machi hajatapika. Anakula, anasoma habari za mchwa, na anamsumbua baba yake kwa maswali mpaka basi.

Katibu alisema yeye ni mgeni katika jambo hili kwa sababu ameingia kwa ndoa, lakini hajaona kitu kizuri kama asubuhi za nyumbani kwao: kahawa mezani, keki ya mahindi ikikatwa kufundishia sehemu, mume wake akimwelekeza Caíque polepole, bila kupandisha sauti hata mara moja. Alisema watoto wake, Mungu akimjalia, watasoma kwenye meza hiyohiyo.

Bi. Cleonice alimjibu, "Bibi harusi, ngoja ufikishe wanne ndipo uniambie habari za kahawa." Alisema hajaketi kitako kwa miaka minne. Watoto wake wanasoma vizuri kuliko wa jirani, hilo halikatai, lakini mkubwa wake hana rafiki hata mmoja asiye ndugu yake. Bw. Wanderlei aliongeza kwamba hesabu anaziweza ila kemia anabahatisha. Ikaonekana pia kwamba kila mjumbe ana hofu moja: mpaka sheria ya kuruhusu masomo ya nyumbani ipite bungeni huko Brasília, wote ni wakosaji mbele ya hakimu. Bi. Cleonice aliwahi kuitwa mahakamani katika mji aliotoka, na ndiyo sababu alihama.

Mwenyekiti aliwatuliza kwa kukumbusha kwamba jibu la zamu linafanya kazi. Kwa faida ya mjumbe mpya alieleza: shule za mji huu zina zamu mbili, hivyo watoto wa chama wamefundishwa kwamba mtu akiwauliza asubuhi kwa nini hawako shule, waseme wanasoma zamu ya mchana, na akiwauliza mchana, waseme wanasoma asubuhi. Jibu hilo lilibuniwa na Bw. Osmar Teles. Ndiye aliyewazoesha watoto, na aliyelisema bila kupepesa macho alipewa chokoleti.

KUMB. NA. 4/6: MTOTO LIDIANE TELES

Ajenda hii haikuwemo. Iliombwa na Katibu.

Katibu alieleza kwamba Lidiane amechaguliwa kuwa bibi harusi katika ngoma ya watoto ya São João, sikukuu ya Juni yenye harusi ya kuigiza, na mazoezi yote ya karibuni hakufika. Jana asubuhi Katibu alimpelekea shela ajaribu, ile shela yake mwenyewe, bado ina harufu ya maua. Bw. Wanderlei alikuwa kazini. Katibu aligonga geti la bati, akasikia hatua, akasema, "Lidi, ni mimi Jussara, wa Wanderlei. Nimekuletea shela."

Mtoto akajibu kutoka ndani, "Nasoma zamu ya mchana."

Katibu alicheka akidhani ni utani, akarudia jina lake. Mtoto akajibu vilevile, kwa sauti ileile. Chini ya geti Katibu aliona miguu yake, peku, kwenye baridi hii ya Juni, na nyuma yake buti za mtu mzima. Kisha akasikia sauti ya Bw. Osmar ikisema taratibu, "Mwambie tena."

Cherehani ilisikika.

Mwenyekiti alisema asihukumiwe mtu kwa haraka. Yeye alikutana na Bw. Osmar wiki iliyopita akaambiwa mtoto ana mafua. Bi. Cleonice alisema ajabu, maana yeye aliambiwa mtoto amemfuata mama yake jimbo la Bahia, ambako mama huyo yuko tangu Aprili akimuuguza bibi. Bw. Wanderlei alisema, baada ya kusitasita, kwamba yeye aliambiwa asirudi kumfundisha hesabu kwa sababu mtoto sasa anajisomea mwenyewe. Bw. Ezequiel aliuliza ni nani katika chumba hiki amemwona mtoto uso kwa uso tangu mama yake aondoke. Ikaonekana hakuna.

Bw. Ezequiel alisema yeye ni mgeni na hataki kuonekana mjuaji, lakini mwanawe alipokuwa shule, mwalimu ndiye aliyegundua kwamba anapigwa na wenzake, kwa kuwa alimwona mgongo kwenye mazoezi. "Sasa Lidiane nani anamwona mgongo?" aliuliza. Alipendekeza Baraza la Watoto lipigiwe simu leo hii.

Bi. Cleonice alipinga. Alisema watu hao wakiingia kwa Osmar, swali lao la pili ni mtoto huyu anasoma na nani, na kabla jua halijazama watakuwa wamefika kwake. Alisema, "Mimi nimeshakalishwa mbele ya hakimu, nikaulizwa kama nawapenda wanangu. Siendi tena. Twendeni wenyewe tukamgongee, atufungulie." Katibu alisema ameshagonga. Bi. Cleonice alimwambia aandike, asimtolee macho. Katibu anaandika.

Mwenyekiti aliahidi kumtembelea Bw. Osmar kama rafiki wa siku nyingi. Alipoulizwa lini, alisema Jumamosi.

Bw. Wanderlei aliomba kusema. Alisema watu wanajua kwamba tangu mama yao afariki amewalea wadogo zake bila karatasi ya hakimu. Wakija kwake, Bi. Cleonice ataitwa mahakamani, lakini yeye watamchukulia watoto. "Nampenda Lidiane," alisema. "Ni mwepesi wa hesabu kunishinda. Lakini sina cha kuwaonyesha wale watu, mzee wangu. Sina hata barua." Katibu alimshika mkono chini ya meza.

Katibu aliweka kalamu chini. Alimwambia mume wake, kwa heshima yote, kwamba wanalala na hofu hiyohiyo na anaijua. Kisha akamuuliza, "Angekuwa ni Talita nyuma ya lile geti, ungetaka nani apige simu?"

Bw. Wanderlei aliutoa mkono wake mkononi mwa Katibu.

Kura zilipigwa. Waliotaka simu ipigwe: Bw. Ezequiel na Katibu. Waliopinga: Bi. Cleonice na Bw. Wanderlei. Kwa kuwa kura zililingana, Mwenyekiti alitakiwa kuamua. Alisema hawezi kumshtaki mtu aliyeanzisha chama pamoja naye kwa sababu ya buti. Uamuzi: isubiriwe Jumamosi.

Katibu aliomba iandikwe kwamba hakukubaliana. Imeandikwa.

KUMB. NA. 5/6: MAANDALIZI YA SHEREHE YA SÃO JOÃO

Mwenyekiti alisema moto utawashwa uani kwake, si uwanjani, ili kusiwe na macho mengi. Bi. Cleonice alijitolea kushona sketi za wasichana. Bw. Ezequiel alipangiwa karanga za sukari. Mwenyekiti aliuliza nani ataleta mikate midogo ya jibini, na kama itafaa kumtafuta bibi harusi mwingine wa ngoma, kwa sababu muda umebaki mchache.

Hapo Bw. Wanderlei alisimama, akasema, "Samahani, mzee," akatoa simu mfukoni na kupiga. Mwenyekiti alimtaka aketi. Hakuketi. Aliweka simu mezani, sauti ikiwa wazi, ili wote wasikie.

Mama wa zamu wa Baraza la Watoto alipokea. Bw. Wanderlei alitaja mtaa wa Bw. Osmar na nyumba yake, akaeleza habari ya geti na majibu matatu tofauti ya Bw. Osmar. Mama huyo alimuuliza yeye ni nani kwa mtoto. Akasema, "Ni mwalimu wake wa hesabu." Aliulizwa wa shule gani. Akasema si wa shule. Mtoto huyu husomeshwa nyumbani.

Vidole vilisikika vikiandika. Kisha akaulizwa kama kuna watoto wengine anaowafundisha hivyo. Bi. Cleonice alikuwa ameshika ukingo wa meza. Bw. Wanderlei alimtazama, akamtazama Mwenyekiti, kisha akanitazama mimi.

"Wapo wangu wawili," alisema. "Talita na Caíque Quintão. Andika. Nikupe na anwani?" Akaitoa. Hakutaja mtoto wa mtu mwingine.

Mama wa zamu alisema gari linaondoka sasa hivi, na kama kuna mtu ambaye mtoto anamwamini, afike getini kabla yao.

Bi. Cleonice aliomba iandikwe kwamba alipinga tangu mwanzo. Imeandikwa. Aliingia chumba cha kati, akawakusanya wanawe, akatoka nao kwa mlango wa uani bila kuaga. Cherehani ilinyamaza. Ajenda hii haikukamilika.

KUMB. NA. 6/6: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alisema kikao hakina tena wajumbe wa kutosha wala la kujadili, akatafuta kofia yake kwa muda mrefu, ingawa ilikuwa kichwani. Bw. Ezequiel alibaki na wajukuu wa Mwenyekiti na mwanawe mwenyewe. Talita na Caíque walikataa kubaki, na kaka yao hakuwalazimisha. Sisi watano, Mwenyekiti akiwemo, tulipita barabara kuu mchana kweupe, watu wakitutazama. Caíque alimuuliza kaka yake kama wanahama. Aliambiwa, "Sijui, mdogo wangu. Nishike mkono."

Kikao kilifungwa saa 9:40 alasiri, nje ya nyumba ya Bw. Osmar Teles, ambako sehemu hii ya mwisho imeandikiwa. Gari jeupe limefika, na wanawake wawili wameshuka. Ndani kuna mtu anatembea. Geti bado halijafunguliwa. Anayegonga ni mume wangu.

Imesainiwa:

Altamiro Fagundes
MWENYEKITI

Jussara Quintão
KATIBU