Kitambulisho cha Kiti

Shoga, dada yangu nusura afukuzwe kazi leo! Mbavu zangu!

Si unajua bado yuko kwenye majaribio? Kaandika skripti, kijiprogramu cha kompyuta, yenyewe izipe picha za wafanyakazi mia mbili majina, kwa kufuata orodha. Vitambulisho vikachapwa.

Kasahau picha ya kwanza alipiga kiti kitupu, kujaribu kamera. KITI! Basi kila mtu kapata sura ya aliyemtangulia. Mhasibu kapewa sura ya mlinzi. Na meneja ndiye wa kwanza kwenye orodha…

“Binti, mimi ni kiti?”

Dada kaifuta picha ya kiti, kaiendesha skripti upya. Kufumba na kufumbua, zote mia mbili sawa!

Meneja kaduwaa. “Kumbe! Ajira umepata. Ila kiti changu sirudishi.”

Kakivaa kitambulisho hicho shingoni mpaka sasa hivi!