Njia ya Saba

Jumatatu, 3 Machi
Meneja kaniita. Nikajua ni ratiba ya basi namba 9, nimekosea tena. Kumbe sivyo! Anataka kipeperushi: njia saba za kutembea kwa miguu kando ya bahari, kila moja ianzie kituo cha basi na iishie kituo cha basi. "Wewe ndiye unayevijua vituo vyote," kasema. Navijua — kwenye karatasi. Miaka kumi na moja napanga ratiba, mwisho wa namba 14 sijawahi kuuona kwa macho.
Sharti: kila njia niitembee mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, kisha nitie sahihi.

Jumamosi, 15 Machi
Njia tatu tayari. Nani alijua kuna mapango nyuma ya karakana ya mabasi? Watu wanapita pale kila siku wamesinzia dirishani! Malengelenge visigino vyote viwili. Mume wangu kaniwekea beseni la maji ya chumvi, anacheka: sasa nimeelewa kwa nini watu walibuni basi.

Jumapili, 30 Machi
Njia ya saba, ya mwisho. Kituo cha mwisho cha 14, mnara wa taa, kisha ukingo wa majabali hadi mkono wa bahari; unavuka daraja la mbao na kutokea kituo cha namba 9. Kilomita kumi na moja. Nimetembea nne. Soli ya kulia ikabanduka mzimamzima — mimi, mke wa fundi viatu! Kinyozi hajinyoi. Nikarudi nachechemea, kiatu mkononi.
Dereva wa 14 alikuwa kituoni anatafuna karanga. Wenzake wanamwita Breki, eti hajawahi kugonga hata kuku. Nikamuuliza habari za daraja. Kasema lilikuwepo, utotoni walikuwa wakijirusha majini kutoka pale.
Wiki ijayo nitarudi nimalizie.

Alhamisi, 3 Aprili
Sikurudi. Meneja kaitaka kazi leo, mpiga chapa anasubiri. Kilomita saba zilizobaki nimezitoa kwenye ramani ya zamani iliyo ukutani. Nimeandika: "Ukipita jabali jeusi, hatua thelathini mbele, daraja la mbao lipo." Sentensi imekaa vizuri.
Sahihi mara saba. Ya saba imepinda kidogo.

Jumatatu, 28 Aprili
Vipeperushi vimekwisha! Elfu mbili kwa siku kumi! Meneja kanipongeza mbele ya watu, mpaka wahasibu wakapiga makofi.
Saa kumi nikakutana na Breki karakanani. Jana kapakia watu thelathini na wanane, basi ambalo Jumapili hubeba watano na gunia la mtu. Nikacheka. Kisha akasema wengine wanamrudia jioni, matope hadi magotini, wamenuna. Njia haipitiki.
Haipitiki vipi? Na daraja?
Kanishangaa. "Daraja gani, dada? Si nilikuambia lilikuwepo? Lilisombwa mwaka juzi."
Mwaka juzi!! Nikakaa juu ya tairi bovu na sketi yangu ya ofisini. Sijamwambia mtu. Jumamosi niende nikaone kwanza, ndipo niseme.

Jumamosi, 3 Mei
Nguo bado zimelowa maji ya chumvi. Niandike hivyo hivyo.
Basi la saa mbili asubuhi. Mnara wa taa. Kilomita nne, pale kiatu kilipobanduka. Baada ya hapo kila kitu kigeni kwangu — njia niliyoisifia kwa maneno matamu! Jabali jeusi lipo, angalau. Nikahesabu hatua thelathini. Nguzo mbili zimesimama majini. Basi. Hata ubao mmoja hakuna.
Ndipo nikasikia mtu akisema, kwa upole kabisa: "Usije upande huu, binti, panateleza."
Chini yangu! Mzee, mvi tupu, kakaa juu ya mwamba, maji yamemzunguka pande tatu. Mguu wa kushoto umegeukia kusiko. Na mkononi, ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe — kipeperushi changu.
"Shikamoo, mzee." Ndicho nilichosema! Mtu anazama, mimi namwamkia!
"Marahaba. Hebu nitazamie, maji yanajaa au yanapwa? Miwani yangu imeanguka."
Yalikuwa yanajaa.
Nikampigia Breki. Alikuwa kituo cha mwisho, abiria wameshakaa ndani ya basi. Sikumaliza hata kueleza. "Nakuja," akakata.
Nikashuka, sijui nilishukaje, nikamkumbatia mzee kwa nyuma asisombwe. Kwa jinsi alivyoongea ungedhani tuko sebuleni. Kafundisha hesabu miaka thelathini na minne. Alihesabu zile hatua mara mbili, akadhani kakosea yeye, akasogea ukingoni atazame vizuri. Akateleza.
Maji yakamfika kiunoni. Meno yanagongana, na bado anasema: "Mwandishi wa karatasi hii usimlaumu. Kaandika kwa uangalifu mno. Daraja lazima limeondoka wiki hii hii."
Nilimshika tu.
Breki kaja mbio kwa njia ya mkato nyuma ya majabali, miguu mitupu, kamba ya kuvutia mabasi begani. Tukamfunga mzee kwapani, tukamvuta. Alipiga yowe moja, kisha akatuomba radhi kwa yowe lile. Breki kambeba mgongoni hadi basini, na basi likaenda moja kwa moja hospitali na abiria wake wote.

Jumapili, 4 Mei
Mguu umevunjika mahali pawili. Mzee yu hai, anaongea.
Mume wangu kakisoma kipeperushi mezani. Kisha: "Siku ile si ulirudi saa saba mchana, kiatu mkononi?"
Kakiweka chini polepole, kama kitu cha moto.

Jumanne, 6 Mei
Binti wa mzee kaleta barua. Meneja kanisomea kwa sauti: nani alithibitisha kuwa njia hii inapitika? Nilikuwa tayari kusema. Haki ya Mungu nilikuwa tayari, tangu jana nimejipanga! Nikafungua mdomo, yakatoka haya: "Dereva wa 14 ndiye aliyenipa habari za daraja."
Sauti yangu mwenyewe, naisikia kama ya mtu mwingine. Meneja kaandika. Kumbe Breki tayari ana kosa — aliliacha basi na abiria dakika hamsini, kuna aliyelalamika. Sasa ana makosa mawili. Kesho saa nne anaitwa, na meneja anasema safari hii hapati onyo, anapoteza kazi.
Mimi nimesema vile? Mimi?

Jumatano, 7 Mei
Saa nne kasoro robo. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja, daftari gotini, nisipoandika nitakimbia. Breki kakaa pembeni yangu, shati jeupe, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Nimemwambia nilichokifanya. Chote, neno kwa neno. Hakunitukana. Kasema tu mkewe ndiye aliyempigia pasi shati, anadhani anaitwa kupewa shukrani.
Afadhali angenizaba kofi.
Katibu katoka: tusubiri, kuna mgeni ndani. Mgeni! Mzee mwalimu, kwa magongo, plasta hadi gotini — kazipanda ngazi zote zile! Katibu hakuufunga mlango vizuri. Namsikia: bila dereva yule na yule binti aliyemshika majini angekuwa chakula cha samaki, na anayetaka kumfukuza dereva aanze na yeye.
Sasa anauliza: "Na mwandishi mwenyewe yuko wapi? Mleteni nimpe pole. Mtu aliyezitembea njia zote zile kwa miguu yake, lazima naye kashtuka."
Kiti kinasogezwa.
Breki kageuka, kanitazama, mara ya kwanza tangu nimwambie.
"Dada," kasema, "unaitwa."