Nimemlisha Mume Wangu Samaki Bila Yeye Kujua

Shangazi Nkasiogi, shikamoo. Nakuandikia kutoka Nduruma nikiwa na furaha na hofu kwa pamoja, na nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo uanze kunigombeza, maana safu yako naifuata kila wiki na mdomo wako naujua.

Mimi ni Mchaga wa Old Moshi, nimeolewa na Mwarusha, hapa nitamwita Lemburis, tunalima nyanya na vitunguu na tuna ng'ombe wa maziwa, na kwenye ndoa sina la kulalamika, mume ananipenda, watoto wanasoma, na mama mkwe, ambaye namwita yeyo kama wao wanavyoita mama, tunakaa naye boma moja na tukinuniana haifiki jioni. Tatizo lilikuwa tumbo la Lemburis. Alikuwa anaharisha damu, anakonda, huku wakasema amiba, kule wakasema taifodi, akameza dawa mpaka tukachoka, hadi tulipopelekwa hospitali kubwa Moshi wakampima kwa kamera wakaona utumbo mpana umevimba na una vidonda, daktari akasema ni mwili wenyewe unaushambulia utumbo, ugonjwa huu unaweza kutulia hata miaka lakini si wa kusema umeisha, akampa vidonge vya kila siku na akasisitiza asiviache hata akijiona mzima. Kilichomuuma zaidi mume wangu ni kwaya, kwa sababu ndiye anayetubebea besi pale usharikani, na mtu anayekimbilia chooni kabla wimbo haujaisha hawezi kusimama mbele ya watu, basi akaacha, Jumapili akawa anabaki na ng'ombe.

Sasa mdogo wangu Ndeshi akasoma kwenye simu kwamba mafuta ya samaki, yale ya omega-3, yanapunguza uvimbe wa utumbo, akaninunulia chupa ya vidonge vyake laini kwenye duka la dawa pale Levolosi. Shangazi, wewe unawajua Waarusha waliolelewa kizamani. Lemburis tukienda kwetu Old Moshi, dagaa wakiletwa mezani anahamisha kiti, anasema huyo ni mdudu wa maji, si nyama. Ningemwambiaje? Nikawa natoboa kidonge kwa pini, namkamulia kwenye loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando anayoyapenda, nakoroga, nakaa namtazama anavyokula. Siku moja akanusa bakuli akauliza, "Mke wangu, hii ng'ombe imekula nini?" Nikasema labda ni ile pumba mpya, na yeye akamaliza akaomba aongezewe.

Na Shangazi, mume wangu amenawiri! Damu imekata, suruali zinambana, Pasaka amesimama na kwaya ibada nzima bila kutoka, nililia mpaka jirani akanipa kitambaa. Ila yeyo naye siku zote hizo alikuwa anampikia supu ya mizizi na magome, na sasa boma zima linasema supu ndiyo imemponya, watu wanakuja kumwomba, na mimi nikisikia zile sifa moyo unanichoma kwa sababu najua ni mafuta yangu. Jumapili ijayo tunatoa shukrani kanisani na mbuzi keshachaguliwa, na juzi tukiwa mezani Lemburis akatangaza kwamba baada ya ibada hiyo vidonge vya hospitali anaviweka pembeni, akasema, "Mtu hawezi kumwambia Mungu asante nimepona huku mfukoni ana dawa." Yeyo akapiga makofi. Mimi nikanyamaza, kama nilivyonyamaza kule kliniki daktari alipomuuliza kama kuna kingine anachotumia, akajibu hakuna, na mimi nimekaa hapo hapo pembeni yake. Nimwambie habari ya samaki anichukie, au ninyamaze, na akiacha vidonge nimzidishie mafuta? Naogopa ile damu isije ikarudi.

Mke mwenye siri, Nduruma

Shangazi Nkasiogi anajibu

Marahaba, mke mwenye siri. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, sasa niache nigombeze.

Kwanza hongera, tena ya kweli. Kumuuguza mtu anayeharisha damu si mchezo, wapo waliokimbia kwa chini ya hapo, na furaha yako hiyo ya Pasaka imenifikia hapa nilipokaa. Lakini mwanangu, we! Mtu mzima, baba wa watoto, unamkamulia samaki kwenye loshoro kwa pini? Mimi ni Mwarusha wa kuzaliwa, samaki nimemwonja nikiwa na wajukuu, nikamtema, baadaye nikarudia kwa hiari yangu, na leo sangara wakikaangwa vizuri sisubiri kukaribishwa. Niliamua mwenyewe. Angenifanyia mtu hila kwenye bakuli, siku ya kujua angenitafuta kwa mama yangu. Mwili ni wake, na kinachoingia humo ana haki ya kukijua. Na daktari naye, mkimficha anayokula mgonjwa, mnataka atibu kwa kupapasa?

Halafu nikuulize. Yeyo anasema ni supu, wewe unasema ni mafuta. Na vile vidonge alivyomeza kila siku tangu Moshi, vyenyewe vilikuwa vinatazama tu? Nyie wawili mmegombea sifa mkamsahau aliyefanya kazi. Nilimpigia daktari wa matumbo ninayemwamini, akaniambia mafuta ya samaki yamejaribiwa kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo na mpaka sasa haijaonekana wazi kwamba yanazuia ugonjwa kurudi. Wengi hayawadhuru, wengine wanaishia kupiga mbweu za samaki, na yakizidi yanaharisha. Sasa wewe unataka kumzidishia ili iweje? Hata ukimwogesha nayo hayatageuka kuwa dawa ya hospitali. Supu kama ya yeyo pia siidharau, nimeinywa kila nilipojifungua, lakini yapo magome makali, na utumbo wenye vidonda si wa kufanyia majaribio.

Na tuambiane ukweli. Sehemu ya hayo maumivu yako ni kwamba mbuzi anachinjwa na sifa zinaenda kwa mama mkwe. Hiyo imeze. Una mume anayejaza suruali, unataka nini tena?

Basi, usingoje Jumapili. Mkiwa wawili shambani, mbali na yeyo na watoto, mwambie: nilikutilia mafuta ya samaki kwenye chakula, nilikosea, nilitaka upone. Ishia hapo. Usiongeze "na ndiyo yaliyokuponya," maana hilo hulijui. Atakasirika, mwache akasirike, usijitetee na usilie ili akuhurumie. Chupa mpe mkononi. Akitaka kuendelea, amuulize daktari kwanza; asipotaka, mpe Ndeshi chupa yake na loshoro irudi kuwa loshoro.

Kisha wiki hii hii nendeni kliniki, na yeyo mwende naye. Ndiyo, yeyo! Mwombe kwa heshima akamweleze daktari mizizi yake yeye mwenyewe, maana wewe huijui. Akishasikia kwa masikio yake kwamba ugonjwa umelala tu, haujaondoka, na kwamba kuacha vidonge ndiko kunakoweza kuuamsha, nakuhakikishia hutahitaji kumsimamia mumeo tena. Mama wa Kiarusha akishika zamu ya dawa, mtoto hata awe na mvi atameza.

Limebaki hilo la kwamba hawezi kumshukuru Mungu akiwa na dawa mfukoni. Muulize Lemburis, kwenye meza yenu sala ya chakula mnaisema saa ngapi? Mnashukuru chakula kikiwa bado kwenye bakuli, halafu mnakula, na sijawahi kuona Mlutheri anayesema amina akasukuma sahani. Kwa hiyo Jumapili asimame, aimbe besi yake, aseme asante kwa sauti yake yote. Mkirudi nyumbani wageni wakakaa, kabla nyama haijakatwa, mletee maji wewe mwenyewe, ameze kidonge chake mbele ya watu wote.