Kaka, Naogopa Kutembea

Kaka yangu Yohana,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kuanza bila kukuamkia.

Tangu tukuzike hapa Chamwino sina usingizi. Wiki iliyopita nilikuwa napanda ngazi za ofisini, mkono wa kushoto ukafa ganzi, nikakaa chini mbele za watu. Daktari alinipima, akatazama mashine, akapima tena. "Mama, presha yako iko juu sana. Dawa utameza, lakini lazima utembee kila siku." Niliitikia ndiyo, ndiyo. Moyoni nilikuwa nakuona wewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipanga? Jumapili baada ya ibada, umeshiba ugali na mlenda wa wifi, unajipigapiga tumbo: "Mdogo wangu, kesho tunaanza." Kesho ikifika, baridi. Au upepo una vumbi. Au mizabibu inataka kupogolewa. Tulicheka sana. Miaka ikapita tukicheka.

Halafu siku moja ukaanza kweli. Ulikuja kunigongea alfajiri, umevaa raba mpya, unaringa. Tulipofika kwenye kona ya mashamba ya zabibu ukasema, "Ngoja kidogo." Ukashika kichwa. Kaka, ulikuwa mzito. Sikuweza kukuinua.

Msibani walisema mazoezi ndiyo yaliyokuua. Daktari anasema hapana, presha ilikutafuna kwa miaka na wewe hukupima. Namwamini. Miguu yangu haimwamini. Kila asubuhi navaa, nafika mlangoni, moyo unaanza kudunda, najiuliza: si ndivyo ilivyokuanza wewe? Narudi kitandani. Nikikaa, naogopa kukaa. Nikisimama, naogopa kusimama.

Jana Mariamu wako alikuja, akanikuta nimejikunyata pale kitandani, nimeshavaa. Akanitazama. "Wifi, mume nimeshazika. Wewe sikuziki."

Akanishika mkono, tukatoka. Tulipoikaribia ile kona nikamwambia siwezi. Hakunivuta. Alisimama nami, akaanza kulia, nami nikalia, mpaka wapita njia wakatupa pole. Kisha tukapita. Polepole mno, hata kuku walitupita! Tukafika kwenye bomba la maji, tukarudi.

Sikufa, Kaka.

Leo nimeamka naogopa vilevile. Kila moyo ulipopiga kwa nguvu nilisimama kuusikiliza. Lakini nilitoka.

Siwezi kukuahidi kukimbia kama wanafunzi wa chuo kule Chimwaga. Nakuahidi sitangoja hofu iishe ndipo nitoke, nitatoka nayo. Na wanao nitawapeleka wapimwe presha, watake wasitake. Yule mkubwa ameshaniambia, "Shangazi, mwezi ujao." Nimemwambia avae viatu, tunaenda sasa hivi. Yuko nje, ananuna, ananisubiri.

Basi pumzika, Kaka. Mungu akulaze pema.

Mdogo wako,
Anjelina